Mfuniko wa Ngamia

3 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua hii ikukute mzima, na kama ikikukuta umenuna basi uwe umenuna ukiwa mzima. Sisi tupo. Goti la kushoto la mama bado linamtesa, ngazi anazishuka kwa kukaa kama mtoto, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Anakusalimu sana. Anauliza kwa nini simu yako inaita mpaka inakatika. Nilimwambia labda umeisahau kabatini, akasema kaka yake hasahau kitu, ni mimi sikupigii vizuri. Sijui simu inapigwaje vizuri.

Nakuandikia habari ya Ngamia. Tangu nimchukue kwako mwezi wa kwanza, ukiwa umeifumua injini yote na kuirudisha, amekwenda machimboni safari zaidi ya thelathini. Nguvu anazo, sikatai. Ule mlima anaupanda na mzigo wa kokoto bila kubembelezwa. Madereva wenzangu wananiuliza nani alimtengeneza, nami najibu kwa maringo kwamba ni mjomba wangu, na hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho kabla hajafunga gereji.

Lakini anakunywa maji. Jina la Ngamia lilikuwa utani wa marehemu baba, kwamba lori hili linashinda barabarani bila kuomba kitu. Sasa kila nikimaliza safari naongeza lita nzima kwenye rejeta, siku nyingine mbili. Chini hakuna tone. Ule mpira mkubwa wa juu, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta, unakaza hata ukiubana kwa vidole haubonyei. Kidumu cha maji ya akiba kinatoa povu na kumwaga.

Machimboni kuna fundi tunayemwita Fundi Miwani, kwa sababu miwani yake imeshikwa na waya. Siku ya kwanza alisema presha ni kawaida, injini yoyote ina presha. Siku ya pili akasema hii si ya kawaida. Siku ya tatu akauliza kama boliti za silinda hedi, yaani kichwa cha injini, zilikazwa kwa kipimo. Nikamwambia hujui unamzungumzia nani. Hata hivyo nakuuliza wewe. Presha ya kawaida ni ipi, na nitaijuaje? Na hizo boliti, zinatakiwa kukazwa tena baada ya safari za mwanzo, au zinaachwa?

Msimamizi wetu ana sheria yake: lori likizima njiani na mzigo mara tatu, linatolewa kazini na nafasi inachukuliwa na mwingine. Malori yamejipanga nje ya geti yakisubiri mtu azimikiwe. Ngamia ameshazima mara moja. Hii ndiyo kazi tuliyonayo, na Ngamia ndiye kila kitu alichotuachia baba, hilo unalijua kuliko mimi.

Barua hii anakuletea dereva wa tangi la mafuta. Anapita kwenu kila baada ya wiki mbili tatu. Mpe jibu akirudi.

Mpwa wako,
Honi


27 Machi

Honi, mtoto wa dada yangu,

Marahaba, pamoja na zile marahaba zote unazonidai tangu mwezi wa kwanza. Barua yako nimeisomea nje, kwenye benchi la gereji, ingawa si gereji tena, humo ndani sasa wanauza magodoro. Wateja wanakuja kujilaza palepale nilipokuwa nalala mimi chini ya magari. Mke wangu hajambo. Analalamika kwamba nimekuwa na dharau uzeeni, akiniita siitiki. Mwambie mama yako alikande goti kwa maji ya moto, na habari ya simu aniachie. Simu ni makelele matupu. Barua unaishika, unairudia.

Umeniuliza swali zuri, swali ambalo mafundi wengi wanalipita juu juu. Kwa hiyo kaa vizuri.

Maji ya injini yamefungiwa. Yakipata moto yanapanuka, na kwa kuwa hayana pa kwenda, yanasukuma. Kule kusukuma ndiyo presha, nasi tunaitaka. Maji ya sufuria yanachemka kwenye digrii mia. Ukiyafungia yakawa yanaminywa, yanavumilia mpaka mia na ishirini hivi ndipo yachemke, na dizeli yenye mzigo mlimani inauhitaji sana huo uvumilivu. Anayeamua presha ifike wapi ni mfuniko wa rejeta. Ndani yake mna springi. Utazame injini ikiwa baridi, utakuta namba imegongwa juu. Wa Ngamia ni kumi na tano, yaani pauni kumi na tano kwa kila inchi ya mraba. Presha ikizidi hapo springi inanyanyuka, maji yanapita kwenda kwenye kidumu. Injini ikipoa yanarudi yenyewe.

Sasa, kawaida ni hivi. Asubuhi kabla hujawasha, presha ni sifuri na mpira ni mlegevu, unaubana vidole vinakaribia kukutana. Ukiwasha, presha inapanda polepole, inafuatana na mshale wa joto kama watu wawili waliotoka kazini pamoja. Baada ya nusu saa ya kazi mpira umekaza, lakini ukiubana kwa nguvu bado unabonyea. Joto likishatulia, presha nayo inatulia: kumi, kumi na mbili, mlimani kumi na nne. Haipandi tu bila breki.

Nunua mfuniko mpya wenye namba ileile. Mwenye duka akikupa wa ishirini akisema ni imara zaidi, mrudishie. Kisha tafuta ile pampu ya mkono yenye saa ya kupimia. Injini ikiwa baridi, ifungeni kwenye mdomo wa rejeta, mpampu mpaka kumi na tano, mkae mtazame. Mshale wa saa ukishuka, kuna mahali panavuja. Na usifungue mfuniko injini ikiwa na moto. Niliwahi kumwona mtu amevuliwa ngozi ya uso. Shika mpira kwa kiganja kitupu, ukiweza kuhesabu mpaka ishirini bila kuuachia, ndipo ufungue.

Huyo Fundi Miwani mwambie aanze kwa kukaza ule waya wa miwani yake.

Mjomba wako


18 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Barua ilifika, na nimemsomea mama yote, pamoja na pauni na inchi za mraba. Unajua yeye hakusoma, lakini barua zako anazisikiliza akitikisa kichwa kana kwamba ndiye aliyekufundisha. Nikimaliza anaichukua karatasi anaitia kwenye mkoba wake, mle mlimo na cheti cha kifo cha baba. Goti ni vilevile. Jirani wa juu amehama, kwa hiyo sasa hana wa kugombana naye, anagombana na mimi.

Nimefanya ulivyosema. Mfuniko mpya, kumi na tano. Pampu tuliipata. Tulipampu injini ikiwa baridi, tukakaa mimi na Fundi Miwani juu ya tairi bovu, tukautazama ule mshale mpaka macho yakauma. Haukushuka hata unywele. Nilifurahi, nikasema unaona sasa. Yeye hakufurahi.

Asubuhi yake nilifanya jambo moja peke yangu. Ngamia alikuwa amelala usiku kucha, baridi kabisa. Mpira mlegevu. Nikawasha, nikaushika mpira, nikawa natazama saa. Dakika ya tatu haijaisha, mpira umeshakaza kama mguu wa meza, na mshale wa joto bado umelala chini. Wale watu wako wawili, Mjomba, hawatoki pamoja. Mmoja anatangulia mbali. Kesho yake niliwasha mfuniko ukiwa wazi, nikaona mapovu yanapanda mfululizo kwenye maji ya baridi. Maji ya baridi yanatoa wapi mapovu?

Ijumaa alizima tena, katikati ya mlima, na mzigo. Hiyo ni mara ya pili. Mama anasema nina mguu mzito, nakanyaga mafuta kama naua nyoka. Anasema injini ya kaka yake haiwezi kuharibika bila mtu kuiharibu.

Ile habari ya boliti hukunijibu. Nimeisoma barua yako mara nne nikidhani nimeruka mstari. Fundi Miwani yuko tayari kufungua kichwa cha injini atazame, lakini sitaki mtu aguse kazi yako kabla hujasema. Sema neno moja tu, afungue au asifungue.

Mpwa wako,
Honi


6 Juni

Honi,

Nilikuwa na mafua. Dereva wa tangi amekuja mara tatu na mara tatu nimemwambia bado. Usimlaumu. Wote hatujambo. Mvua imeng'oa bati moja la jikoni na nimelirudisha mwenyewe.

Hayo mapovu yanaweza kuwa hewa iliyobaki ndani tulipojaza maji. Inatokea. Mweke Ngamia pua juu, mjaze maji taratibu, mwache aungurume mfuniko ukiwa wazi mpaka hewa iishe. Angalia na themostati, huenda imeganda. Angalia mkanda wa feni. Angalia pampu ya maji kama ina mchezo. Usifungue kichwa. Mtu akifungua kichwa barabarani na vumbi lote hilo, ataharibu zaidi.

Haya yote yakishindikana, ulegeze mfuniko hatua moja. Ukiugeuza una hatua mbili: ya kwanza unatoa pumzi lakini hautoki, ya pili ndiyo unafunguka. Uache kwenye ile ya kwanza. Presha haitajengeka, mpira hautakaza, nawe utamaliza msimu. Uwe unaongeza maji mara kwa mara, njiani pia. Madereva wengi wanakwenda hivyo.

Habari ya boliti ni ndefu, tutaizungumza tukionana.

Mjomba wako


4 Julai

Shikamoo Mjomba,

Mwandiko unisamehe, naandikia pajani. Mama hajambo. Mimi sijambo.

Ngamia amezima mara ya tatu. Ilikuwa saa saba mchana, karibu na kilele. Msimamizi hakupiga kelele, alifuta tu namba yetu ubaoni kwa kiganja, akaandika nyingine. Jioni tulimvuta mpaka nyumbani kwa mnyororo.

Wiki iliyofuata Fundi Miwani alikuja na kukifungua kichwa. Sikuomba ruhusa. Gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya kichwa na injini, imeungua kati ya silinda ya tatu na ya nne, imebaki nyeusi kama mkate uliosahauliwa motoni. Kichwa chenyewe kina ufa unaoingia ukucha. Lakini si hilo nililotaka kukuandikia. Alipokuwa analegeza zile boliti, baadhi zilitoka kwa kuzivuta kidogo tu, kama mfuniko wa chupa. Nyingine ilibidi avishe bomba kwenye spana na kumwita jirani wavute pamoja, na moja ikakatikia humo. Boliti za kichwa kimoja. Alizipanga chini kwa mstari, akavua miwani, akauliza nani alizikaza. Nikasema mjomba wangu. Akavaa miwani tena, akaendelea na kazi. Nilimpenda kwa kutouliza zaidi.

Mama yeye hakunyamaza. Alisimama mlangoni na mkongojo, watu wamejaa wanatazama, akasema kaka yangu alimpa huyu injini kama mpya na huyu ameiua kwa miezi sita. Mume wangu aliiendesha miaka kumi na tisa, huyu miezi sita. Aliyasema mara mbili kwa ajili ya wale wa nyuma.

Nimekungoja wiki saba kwa barua ya ukurasa mmoja, na ndani yake hakuna nilichouliza. Sasa sikuulizi habari ya presha. Nakuuliza ilikuwaje siku ile ulipokuwa unazikaza.

Honi


11 Agosti

Honi, mwanangu,

Naanza na salamu kwa sababu sijui kuanza vinginevyo. Mke wangu hajambo. Nyumba ni nzima. Mimi sisikii.

Nimeiandika hiyo sentensi mara sita kwenye karatasi nyingine. Sisikii, Honi. Sikio la kulia lilikwenda miaka minne iliyopita, la kushoto likafuata polepole, na mwaka jana likafunga. Miaka arobaini ya nyundo na injini. Sijamwambia mtu. Mke wangu anadhani ni dharau nami nimemwacha adhani. Simu inapoita naiona inatetemeka mezani. Uliitwa Honi kwa sababu ulipozaliwa ulikuwa unalia mpaka nyumba ya nne wanajua una njaa. Ulipokuja mwezi wa kwanza ulizungumza nami siku nzima, nikawa natazama midomo yako na kucheka ulipocheka.

Boliti za kichwa zinakazwa kwa spana ya kipimo. Unaiseti namba, unavuta, na boliti ikifika pale spana inalia tak. Ukisikia tak unaacha. Ngamia ana boliti ishirini na sita, na kila moja inavutwa mara tatu. Ile tak inatikisa mkono kidogo pia, lakini spana yangu ni ya zamani na mkono wangu ni wa zamani kuliko hiyo spana. Nyingine nilivuta nikaogopa nimepitiliza, nikaacha. Nyingine nilikuwa naingoja ile tak huku imeshapita. Kuna wakati nilibana mpini kwa kidevu ili niisikie kwenye mfupa. Siku ile niliwapa mafundi wangu mapumziko, nikawaambia lori la dada yangu nataka kulimaliza mwenyewe. Walidhani ni mapenzi. Ilikuwa aibu, sikutaka waone. Ningemwita mtu yeyote, hata muuza magodoro, asimame pale anyanyue kidole kila ikilia. Ni hilo tu lililohitajika, mtu wa kunyanyua kidole.

Nawe uliponiandikia kwamba mpira umekaza kabla joto halijapanda, nilijua palepale. Presha ya maji inangoja joto. Isiyongoja joto haitoki kwenye maji, ni gesi ya moto kutoka ndani ya silinda inapenya kwenye gasketi na kuingia kwenye njia ya maji. Ndiyo mapovu yako. Ile pampu haikuonyesha kitu kwa sababu pauni kumi na tano haziwezi kupenya pale, lakini mlipuko wa dizeli unapenya. Siku ile, mwezi wa nne, gasketi mpya na kukaza upya vingemponya. Ulikuwa umeshaniambia kila kitu ila jina la ugonjwa. Nilikaa na barua yako wiki saba, sikuwa na mafua.

Na ule mfuniko. Mfuniko uliolegezwa unayarudisha maji kuchemka kwenye mia, nilikueleza mwenyewe mwezi wa tatu. Nilikwambia uulegeze kwa sababu mpira ungeendelea kukaza, nawe ungeendelea kuuliza.

Sasa nami nina swali. Barua yako ya mwisho herufi zimelala upande mwingine, na wino umepakazwa, kama wa mtu ambaye mkono unapita juu ya alichokwisha kuandika. Wewe unaandika kwa mkono wa kulia. Hukuwa unaandikia pajani. Mkono una nini?

Karatasi ya pili iliyokunjwa humu ni ya mama yako. Nimemwandikia yote, kwamba ni mimi, si mguu wako. Msomee. Ukiniambia nije, nitapanda tangi kesho yake.

Mjomba wako


5 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Naandika kwa mkono wa kushoto na sasa sina haja ya kuficha. Nachoka upesi, kwa hiyo barua hii nimeiandika siku tatu.

Ilikuwa hivi. Mfuniko ulikuwa kwenye hatua ya kwanza, kama ulivyosema. Alipozima pale kileleni nilishuka na dumu la maji, kama ulivyosema. Nilingoja, si sana, maana nyuma yangu malori yalikuwa yanapiga honi. Nikaubana mpira. Nilikuwa nimevaa glovu za kokoto, sikusikia joto, nilisikia tu kwamba mpira ni mlegevu, laini kabisa, kama asubuhi. Nikafurahi. Kumbe ulikuwa mlegevu kwa sababu ndani hamkuwa na maji. Nikavua glovu ya kulia ili niushike mfuniko vizuri, nikafungua, nikamimina. Maji ya baridi yakakutana na chuma kikavu chenye moto, yakarudi yote yakiwa mvuke. Kichwa cha injini kilipasuka palepale, nilikisikia. Mkono uliungua mpaka kiwiko. Vidole vinne havikunjiki. Daktari amesema havitakunjika, wala hakulizunguka. Gia siwezi kuishika.

Ngamia hayupo. Watu wa vyuma chakavu walikuja na mtungi wa gesi wakamkata mbele ya nyumba, kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Mama alitoa kiti akakaa akitazama mpaka mwisho. Aliomba wamwachie mlango wa dereva, ule baba alikuwa anaegemezea kiwiko. Uko ukumbini, umeegemezwa ukutani, tunapita kiubavu.

Karatasi yako nilimsomea. Ilikuwa Jumapili, miguu yake iko kwenye beseni la maji ya moto, maana anafuata unavyosema. Alivaa kanga safi kwa ajili ya barua. Nilisoma salamu. Nilisoma pale uliposema unakumbuka mlivyokuwa mnalala kitanda kimoja na yeye anakunyang'anya shuka. Alicheka. Akasema, soma polepole, hapo ni kama yeye mwenyewe anazungumza. Kisha nikafika kwenye mstari unaoanza, dada, aliyemuua Ngamia ni mimi.

Nilinyanyua macho nikamtazama. Mjomba, mume amemzika, lori amelitazama likikatwa vipande, goti halifai. Kilichobaki cha kujivunia mbele ya watu ni kaka yake. Nikaruka mstari huo. Nikaruka na unaofuata, na wote mpaka chini. Alikuwa anangoja, kwa hiyo ilibidi niseme kitu. Nikamsomea kwamba alikande goti kutwa mara mbili. Nikamsomea kwamba umesikitika habari ya Ngamia. Nikamsomea kwamba vijana wa siku hizi hawasikii wanayoambiwa na wakubwa.

Akasema, unaona? Hata kaka amesema.

Sikufanya hivyo kwa ajili yako. Nimekukasirikia, na sidhani kama itakwisha. Ungeandika mstari mmoja tu mwezi wa nne, neno lile nililokuomba, afungue. Ningekuwa na mkono, ningekuwa na lori, nawe ungekuwa na aibu kidogo ya kubeba. Badala yake nimeibeba mimi, na kila anayepita hapa mama anamwonyesha ule mlango na kunielekezea kidevu.

Karatasi yako nimeikunja humu, ikae kwako. Usiandike tena habari ya boliti, kwa sababu ni mimi nitakayeisoma na nitalazimika tena kutunga. Andika salamu, goti, na bati la jikoni. Na usije. Ukija atazungumza nawe na hutamsikia, atauliza umeanza lini kutosikia, naye akipiga hesabu atafika palepale. Acha aendelee kudhani hupokei simu.

Mama anakusalimu sana. Anasema nikwambie kazi yako ilikuwa nzuri.

Honi